Wasomaji Wauliza: Nani Hasa Analipa Kodi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu kodi, bei za vitu na deni la serikali, kwa hiyo nimezijibu kwa pamoja. Kwa msomaji mgeni: kazi yangu ni kuweka hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, watu wa vifaa vya ujenzi, vinu vya kusaga unga na mikahawa ya samaki. Msimamo wangu sijauficha tangu nianze safu hii. Naamini katika soko huria. Naamini shilingi hutumika kwa uangalifu zaidi ikiwa mkononi mwa aliyeitolea jasho, na naamini serikali inastahili kodi kwa zile kazi chache ambazo hakuna mwingine wa kuzifanya. Asiyekubaliana nami aandike. Mmoja ameandika, na nimempa nafasi.

SWALI: Dada, mimi ni mchuuzi wa samaki. Kwenye redio kila siku nasikia "walipa kodi, walipa kodi." Sisi wa ufuoni hatuna mshahara wala hatujawahi kujaza fomu za kodi. Tunatoa tu ada ya soko. Bajeti ya Nairobi inatuhusu nini? (Mama samaki, Dunga, Kisumu)

JIBU: Mama, inakuhusu sana. Anza na mashua. Injini yake inakunywa petroli. Chukua lita moja ya shilingi 180, kwa viwango vya 2025. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa, shilingi 21.95. Kuna ada ya kutunza barabara, ambayo Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25; ziwani hakuna barabara, lakini mvuvi analipa. Kuna ada ya ustawishaji wa mafuta, shilingi 5.40. Hayo yakishajumlishwa kwenye bei, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapigwa juu ya yote, yaani kodi nayo inatozwa kodi. Hadi katikati ya 2023 VAT ya mafuta ilikuwa asilimia 8, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaifanya maradufu. Haya manne peke yake yanazidi kidogo shilingi 77 katika zile 180.

Mwenye mashua hazitoi shilingi hizo mfukoni mwake akanyamaza. Anaziweka kwenye bei anapokuuzia wewe ufuoni. Wewe nawe ukifika Kondele unajaribu kumpa mteja mzigo huo, lakini mteja anakuambia leo atakula sukuma na mayai. Utafanya nini? Samaki hangoji. Jua likizama hajauzwa, kesho ana harufu. Unapunguza bei, na sehemu ya kodi iliyowekwa kwenye petroli inakuwa imelipwa na wewe, bila risiti, bila jina lako kuonekana popote. Hilo ndilo ningependa ulishike: kodi haikai pale sheria ilipoiweka. Inasukumwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule mpaka imfikie asiyeweza kukwepa, na mara nyingi huyo ni mwenye bidhaa inayooza na mtaji wa siku moja.

Ongeza ada ya kutuma pesa kwa simu, ambayo tangu 2023 inatozwa ushuru wa asilimia 15 badala ya 12. Ongeza sabuni, mafuta ya kukaangia, muda wa maongezi. Wewe ni mlipa kodi kamili. Siku ya mkutano wa hadhara usikubali yeyote akuchukulie kama mtu aliyekuja kuomba msaada. Umekuja kuuliza pesa zako zimefanya nini.

SWALI: Tuliandamana Juni 2024 mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wenzetu wengine hawakurudi nyumbani. Mbona maisha hayajawa rahisi? (Kijana wa Kondele)

JIBU: Mdogo wangu, nakujibu nikiwakumbuka hao ambao hawakurudi. Mswada ule ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hataidhinisha. Mlikomesha kodi, na mlikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Lakini matumizi hayakukoma. Yalipunguzwa hapa na pale, kisha mambo yakaendelea, na Desemba ya mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kodi ambayo yalirudisha baadhi ya yaliyokataliwa. Milton Friedman, mwanauchumi wa Chicago aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, aliwafundisha watu wasitazame kodi iliyotangazwa bali watazame kiasi ambacho serikali inatumia, kwa sababu kila shilingi inayotumika lazima itoke mahali. Inatoka kwenye kodi ya leo, au kwenye mkopo ambao ni kodi ya kesho, au kwenye noti mpya zinazoipunguzia nguvu ile noti uliyo nayo. Njia ya nne hakuna. Ukiziba mlango wa kodi ukaacha matumizi vilevile, yanapitia mlango wa mkopo.

Na mkopo nao una mtu anayeumia leo, tena hapa Kisumu. Deni la taifa limeshapita shilingi trilioni 10. Mwaka 2024 serikali ilikuwa ikizikopa benki zetu za ndani kwa hati za muda mfupi zenye riba ya karibu asilimia 16. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Upande huu kuna serikali inayolipa asilimia 16 na haina hatari ya kutoroka. Upande ule kuna fundi wa makochi wa Kibuye anayetaka mkopo wa kununua mashine ya kuranda mbao, hana hatimiliki, na mvua ikinyesha wiki mbili hauzi kitu. Meneja si mtu mbaya, anafanya hesabu tu. Fundi anakosa mashine, vijana wawili ambao angewaajiri wanabaki kijiweni, na hakuna gazeti litakaloandika habari zao kwa sababu kazi ambayo haikuzaliwa haina wa kuipiga picha. Nimekaa na mafundi kama hao, nikawaandikia hesabu safi kabisa za kupeleka benki, wakarudi mikono mitupu. Hilo linaniuma kuliko VAT.

Kwa hiyo nguvu zenu za 2024 zitafute ukurasa wa matumizi. Katiba iko upande wenu: Kifungu cha 201 kinasema mzigo na faida za mikopo ya umma zigawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Kizazi hicho kijacho ni nyinyi.

SWALI: Ninafanya kazi ya karani kwenye kiwanda hapa Nakuru. Mshahara wangu ni shilingi 50,000, lakini sizioni. Naomba unionyeshe zinakokwenda. (Karani, Nakuru)

JIBU: Nimechukua viwango vya Machi 2025 na nikafanya hesabu. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, shilingi 3,000. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ni 1,375. Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, ni 750. Tangu Desemba 2024 hayo matatu hutolewa kabla ya kodi ya mapato kupigwa, kwa hiyo PAYE, ndiyo kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inahesabiwa kwenye 44,875 na, baada ya nafuu ya shilingi 2,400, inakuja kama 5,846. Unabaki na 39,029.

Ila hati yako ya mshahara haionyeshi nusu nyingine. Mwajiri wako naye anatoa NSSF 3,000 na ada ya nyumba 750 kwa ajili yako. Kwake wewe ni mfanyakazi wa shilingi 53,750. Hiyo ndiyo bei ya kazi yako sokoni, na wewe unapokea 39,029. Kwa haki, 6,000 za NSSF tuziweke kando kwa kuwa ni akiba yako ya uzeeni. Zilizobaki ni 8,721 kila mwezi, kabla hujaingia dukani kukutana na VAT.

Sisemi zote zinapotea. Ninachokataa ni ule utaratibu wa kuligawa kato mara mbili, nusu kwako na nusu kwa mwajiri, ili lionekane dogo. Mwajiri anayepanga kuajiri mtu anaitazama ile 53,750. Ikizidi kile ambacho kazi inaleta, haajiri. Huko Nakuru mna viwanda, mna mashamba ya maua ya Naivasha, na mna vijana wengi wenye diploma wanaoendesha bodaboda. Kila kato la lazima linalopandishwa kwenye mshahara halali linamsukuma mmoja wao mbali na lango la kiwanda.

Kuhusu nyumba zenyewe: huenda wewe hutapata hata moja. Ungeachiwa shilingi 1,500 hizo, zako na za mwajiri, ungenunua mabati ya nyumba yako mwenyewe mahali unapotaka kuishi. Watu wa magharibi ya Kenya wamejenga hivyo kwa miaka mingi, chumba kwa chumba, na hakuna wizara iliyowafundisha.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mkulima wa miwa tangu Mumias ikiwa mpya. Nyinyi watu wa soko huria mnataka sukari ya nje iingie ovyo. Kiwanda chetu kiliuawa na sukari hiyo. Serikali ikifunga mpaka na kutia pesa, si tutainuka tena? (Mzee, Mumias, Kakamega)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu naijua Mumias unayoisema. Kampuni iliundwa 1971, ikaanza kusaga 1973, na kuna miaka ilipotoa zaidi ya nusu ya sukari yote ya Kenya. Shule, zahanati, timu ya mpira, maduka, vyote viliishi kwa miwa. Mwaka 2001 hisa zake ziliuzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi na wakulima wengi wakanunua. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayeletwa na wadai kampuni ikishindwa kulipa. Atakayekuambia huo haukuwa msiba hakuwahi kupita Mumias jioni ya siku ya malipo.

Ila tuangalie dawa unayoitaja, kwa sababu tumeshainywa. Mpaka haukuwa wazi. Sukari kutoka nje ya kanda yetu inatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 100. Ile ya nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tuliiwekea kiwango cha mwisho cha kuingizwa kwa zaidi ya miaka 20. Kinga hiyo iliombwa kama ya muda mfupi, ili viwanda vijirekebishe, ikaongezwa muda, ikaongezwa tena. Pesa za serikali nazo ziliingia, Mumias na kwingineko, na mwaka 2023 madeni ya viwanda vya umma ya zaidi ya shilingi bilioni 100 yakaidhinishwa yafutwe. Kufutwa maana yake yamehamishiwa kwa yule mama wa Dunga niliyemjibu hapo juu na kwa karani wa Nakuru.

Ukuta huo ulimsaidia nani? Mwaka 2023 kilo ya sukari ilipita shilingi 200 madukani. Mama anayepika mandazi Kakamega asubuhi alilipa. Mwenye kibanda cha chai alilipa. Kama pesa hizo zingekuwa zimekufikia wewe, angalau ningesema tumemtoa huyu tukampa yule. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulingoja malipo ya miwa hadi ukaondoa mtoto shuleni. Mwaka huohuo wa bei kubwa, kusaga kulisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu hakukuwa na miwa iliyokomaa. Kiwanda ambacho mteja wake hana pa kwenda na mkulima wake hana pa kwenda hakina sababu ya kukulipa mapema wala kununua mtambo mpya.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, Mzee. Nyinyi wakulima mlifungwa upande wa kuuza. Miwa yenu ilihesabiwa ni ya kiwanda fulani, na ukimuuzia mwingine unaitwa mwizi wa miwa uliyoipanda mwenyewe kwenye shamba la baba yako. Mimi nikisema soko huria siwazii tu meli ya sukari bandarini. Nawazia trekta lako likipita lango la kiwanda kibaya na kwenda kwa anayelipa.

Tazama pareto, ua linalotengenezewa dawa ya wadudu. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa zao hilo, kiwanda kikuu kipo Nakuru, na wakulima wa Molo na Kuresoi walisomesha watoto kwa maua yale meupe. Kisheria mnunuzi alikuwa mmoja tu, Bodi ya Pareto. Bodi iliposhindwa kulipa, mkulima hakuwa na mlango wa pili, akang'oa pareto akapanda viazi. Soko lilifunguliwa kwa sheria ya 2013, baada ya wanunuzi wa dunia kujifunza kuishi bila sisi. Hakuna pareto ya nje iliyotuua. Tuliuliwa na mnunuzi mmoja aliyelindwa na sheria.

New Zealand mwaka 1984 iliamua kuondoa ruzuku za kilimo karibu zote. Wafugaji wa kondoo waliandamana, na ilitabiriwa kwamba mashamba mengi yangefilisika. Waliolazimika kuuza walikuwa takriban asilimia 1. Waliobaki walibadilisha mifugo, wakatafuta wateja wapya, na leo nyama na maziwa yao yanauzwa dunia nzima bila ruzuku hizo. Wao walikuwa na ardhi kubwa na barabara nzuri, sisi tuna ekari mbili na tope; sitaki kukudanganya kwamba njia yetu ni fupi kama yao. Kuna wazee watakaoumia, na kwao naona haki serikali itoe msaada wa moja kwa moja mkononi mwa mkulima, kwa muda unaojulikana, badala ya kuupitisha kiwandani.

Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Naliunga mkono, kwa sababu anayepoteza pesa zake mwenyewe hushtuka mapema. Ila nina wasiwasi mmoja: baadhi ya waliokodishiwa tayari wana viwanda katika eneo hilihili. Mwenye kiwanda binafsi akipewa wakulima wa kufungiwa atafanya yaleyale ya serikali. Basi ukikutana na viongozi wenu dai mambo haya kabla ya kudai mpaka ufungwe: ruhusa ya kuuza miwa popote, mzani unaokaguliwa na mtu asiye wa kiwanda, na malipo kwa kiasi cha sukari iliyo ndani ya miwa, siyo uzito peke yake.

SWALI: Nasafirisha viazi kutoka Molo hadi Kibuye. Kila kaunti ina kizuizi na kila kizuizi kina bei yake. Je, ni halali? (Msafirishaji, Molo)

JIBU: Kaunti ina haki ya kutoza ada ya huduma inayotoa: soko, maegesho, choo, taka. Haina haki ya kukutoza kwa sababu tu umepita. Kifungu cha 209 cha Katiba kinasema mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi yasitumiwe kwa njia inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa na watu kutembea nchini. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Ukisimamishwa, uliza kwa upole: sheria gani ya kaunti, huduma gani, na risiti iko wapi. Andika tarehe na namba ya risiti. Mteja wangu wa vitunguu alilipishwa kwenye kizuizi cha kaunti ambayo sitaitaja, akapewa kikaratasi kisicho na namba, na kwangu mimi mhasibu hicho hakiwezi kuingia kitabuni kama gharama. Pesa imetoka, ushahidi hakuna.

Adam Smith, Mskochi aliyeandika mwaka 1776, alitaka kodi iendane na uwezo wa mtu, ijulikane wazi kiasi na siku ya kulipa, ikusanywe wakati ambao ni rahisi kwa mlipaji, na isimezwe na gharama za kuikusanya. Vizuizi vya njiani vinaanguka majaribio yote manne. Gari linakaa saa nzima na viazi vinapata joto, askari watatu wanalipwa mshahara kukusanya pesa ambazo huenda hazitoshi mishahara yao, na kiasi kinategemea uso wa mtu. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1901, angalau mtu alijua ni rupia ngapi kwa kibanda. Kodi ile ilikuwa ya dhuluma, iliwekwa kuwasukuma babu zetu kwenye kazi za mashamba ya wazungu, na sina jema la kuisema. Lakini inauma kwamba katika nchi huru mwenye lori hajui hata kiasi.

SWALI: Kwa nini serikali isipange tu bei ya unga? (Mama wa watoto wanne, Bungoma)

JIBU: Ilipanga. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo 2 ilitangazwa kuwa shilingi 100. Wengi walifika dukani wakakuta rafu tupu, mpango ukakoma, na wasagaji wakabaki wanaidai serikali. Mahindi ya Uganda yakiingia Busia na Malaba bila kusumbuliwa yanashusha bei ya unga wako kuliko tangazo lolote.

SWALI: Safu yako naifuata, lakini kwa maoni yangu unawatetea matajiri. Elimu ya msingi bila malipo ya 2003 ililetwa na kodi, siyo na soko. Denmark wanatoza kodi kubwa na wanaishi vizuri kutushinda. Tajiri atozwe zaidi, maskini ahudumiwe. Barabara ya Nyakach itajengwa na soko? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuandika bila matusi. Hoja zako ni nzito na nitazijibu moja moja.

Barabara ya Nyakach haitajengwa na soko, tunakubaliana. Hata Smith aliiwekea serikali kazi za ulinzi, mahakama na zile kazi za umma ambazo mtu mmoja hawezi kupata faida kwa kuzifanya. Mwaka 2003 niliona watoto wakubwa, wenye ndevu, wakiingia darasa la kwanza, na sitasema neno baya juu ya siku hiyo. Ninachouliza ni kingine: kwa nini pesa ya mtoto lazima ipite ofisi nyingi hivyo kabla ya kumfikia? Mpe mzazi uwezo wa kuichagua shule, pesa imfuate mtoto, na utaona mwalimu mkuu anavyoanza kumsalimia mzazi wa maskini.

Denmark nilitamani mtu aitaje. VAT yao ni asilimia 25, na inamkamata kila mtu, maskini kwa tajiri. Hawakujenga huduma zao kwa kuwatoza matajiri peke yao. Matajiri hawatoshi popote duniani. Biashara yao ni huru, kufungua kampuni ni rahisi, na mlipaji anaiona kodi yake ikirudi kama basi linalofika kwa wakati. Ukinipa Denmark, nipe na hiyo sehemu pia.

Na tajiri atozwe? Ndiyo, sawa na wengine, na hapa pengine utashangaa jinsi tunavyokaribiana. Ukipandisha kiwango cha juu cha PAYE hadi asilimia 35, kama tulivyofanya 2023 kwa mishahara ya zaidi ya 800,000 kwa mwezi, mwenye mshahara huo ana wakili na mshauri. Atabadilisha jina la mapato yake. Mwenye kampuni kubwa ataomba msamaha wa kodi, na akipewa, pengo linajazwa na petroli ya mama samaki. Mimi ningefuta misamaha hiyo karibu yote na kuweka kiwango kimoja kidogo kwa wote. Katiba, Kifungu cha 210, inataka kila msamaha uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mimi na wewe tunaweza kuidai rekodi hiyo pamoja bila kukubaliana juu ya jambo lingine lolote.

Kuna kodi moja ninayoitetea kwa moyo wote, nayo inamgusa tajiri kweli: ada ya ardhi ya mjini. Kumbuka nilivyosema, kodi humfikia asiyeweza kukwepa. Ardhi haikwepi. Haifichwi kwa wakili, haihamishiwi Dubai, na ukiitoza haipungui hata futi moja. Hapa Kenya miji yetu kwa muda mrefu imeitoza kwa thamani ya kiwanja bila kuhesabu nyumba iliyo juu, na hilo ni jema, kwa sababu aliyejenga haadhibiwi kwa kujenga. Friedman mwenyewe, adui wa kodi, aliiona hiyo kuwa yenye madhara madogo kuliko zote. Lakini pita Milimani hapa Kisumu uone viwanja vimeota nyasi vikingoja bei ipande, huku kaunti ikimkimbiza mwenye karai la omena kwa shilingi chache za kila siku. Wakikusanya ada ya viwanja hivyo ipasavyo, mimi ningefuta ada ya mwenye karai kesho asubuhi.

SWALI: Nataka kuhudhuria vikao vya bajeti ya kaunti. Niende lini na niulize nini? (Mwanachama wa chama cha akina mama, Ahero)

JIBU: Usingoje Juni, wakati huo mambo yameshaiva. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwezi wa Februari ndio wenye nafasi, kwa kuwa hapo ndipo kila idara inawekewa kikomo.

Nendeni watatu, mmoja aandike. Ombeni ripoti ya karibuni ya Msimamizi wa Bajeti, inayotolewa kila robo mwaka na ni ya umma. Fungueni sehemu ya kaunti yenu mtafute nambari tatu: mishahara, usafiri na marupurupu, na pesa zilizotumika kwa maendeleo ikilinganishwa na zilizopangwa. Kisha chukueni mradi mmoja mnaoujua kwa macho, pengine mfereji wa maji ya mvua pale soko la Ahero, na muulize: ulitengewa kiasi gani, nani alipewa kazi, kiasi gani kimelipwa. Msikubali majibu ya "tutafuatilia" bila jina la ofisa na tarehe. Mkipata nambari hizo, niletee. Nitazipitia bila malipo.